Nilimwita Mchinjaji, na Vidonge Vilikuwa Vyangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili asiyetaka kusoma zaidi aondoke na hilo, na anayetaka kunihurumia ajue amekosea mlango.

Mimi ni mwanamke wa Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi. Nauza machungwa kwa jumla. Nayafuata upande wa Kilwa, nayashusha kwa magunia, nawauzia wenye meza sokoni. Jina sitaji. Wanaonijua watanitambua kwa mdomo wangu, wengine msihangaike.

Kwenye biashara sidanganywi. Gunia lililopangwa mazuri juu na mabovu chini nalijua kwa kulisukuma na mguu. Chenji nahesabu mbele yako, halafu nahesabu tena ukishageuka. Muuzaji akiniapia kwamba kwenye bei hiyo hapati chochote, namwambia basi anipe bure, kwani atapungukiwa na nini?

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaribia kumuua mama wa mumewe kwa vidonge vya kichwa.

Mama mkwe alikuja kwangu kutoka kijijini Milola. Amelima maisha yake yote, kisha magoti yakaamua kustaafu bila kumwambia. Mume wangu ndiye aliyemleta. Akamshusha, akamfungia kitanda, akarudi kwenye lori lake. Wanaume ni hodari sana wa kuwapenda mama zao kwa kutumia mikono ya wake zao.

Sitasema tulipendana. Tuliheshimiana kwa mbali, ndani ya nyumba moja. Asubuhi nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku anaangalia sufuria yangu.

"Chai hii umepikia maji ya wapi?"

"Ya bomba, mama."

"Ndiyo maana."

Hayo niliyaweza. Nisiyemweza alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa mjini. Alikuwa anakuja kumkagua mama kama bwana afya anavyokagua bucha. Anamfunua khanga, anamwangalia miguu, anamwangalia macho, kisha ananigeukia mimi.

"Wifi, mama mbona amepungua hivi? Anakula nini hapa?"

"Anakula tunachokula. Hata wewe ukija unakula, tena unaongeza."

"Magoti haya yanataka hospitali."

"Mpeleke. Ni mama yako."

"Anakaa kwako."

"Basi mhamishie kwako."

Hapo anakumbuka kwamba anachelewa nyumbani. Kwake kuna mume asiyependa wageni, hasa wageni wanaozeeka.

Ukweli ni kwamba hospitali ningeweza kumpeleka. Lakini msimu ulikuwa umechanganya, na siku nikikaa kwenye foleni ya hospitali, mwenzangu ananiwahi gari zima la machungwa. Nikajiambia magoti hayaozi, machungwa yanaoza. Nilijiona nina akili sana.

Mtaani kwetu kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa anafunga ahamie Dar. Kwenye rafu yake nikaona kopo kubwa la aspirini, vidonge vyeupe. Nikalipigania bei mpaka yule kijana akachoka.

"Mama, chukua. Chukua tu, uniache nifunge mizigo yangu."

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeshinda kesi. Ndani ya kopo kulikuwa na karatasi ya maelezo. Niliikunja nikaitia chini ya mguu wa meza, kwa sababu meza ilikuwa inacheza. Ikatulia. Hayo ndiyo matumizi pekee niliyoyapata kwenye maelezo yale.

Nikaanza kumpa mama. Asubuhi kabla sijatoka, tumbo tupu, maana chai yeye alikunywa jua likishapanda. Jioni tena. Mchana magoti yakimsumbua, ajichukulie mwenyewe, kopo lipo kabatini. Akisema kichwa kinagonga, namwongezea na vile vya paketi, vya rangi, vya duka jingine. Sikujua kwamba ndani ya vile vya rangi mlikuwa na aspirini ile ile imebadilisha nguo.

Mimi ninayehesabu chenji mara mbili, vidonge sikuvihesabu hata mara moja.

Na vilimsaidia. Ndiyo ubaya wake huo. Mama akaanza kusimama bila kushika ukuta. Akafagia uwanja. Akafika hadi kunisifu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nilipoolewa.

"Mkwe, vidonge vyako hivi vina baraka."

Nikaona nimepata dawa ya magoti na dawa ya mdomo wake kwa bei moja.

Dalili zilikuja. Wala hazikuninyemelea, zilipiga hodi.

"Mkwe, zima redio."

"Hakuna redio, mama."

"Inalia tangu asubuhi. Nziii, nziii."

"Labda ni mwanao anakusengenya huko mjini."

Akacheka, nami nikacheka. Sasa najua masikio kulia vile ni mwili unapiga kelele kwamba dawa imezidi. Wakati ule nilimpa kidonge, nikidhani ni kichwa.

Halafu tumbo likaanza kumwaka chini ya kifua. Nikamletea maziwa. Halafu mikono ikatoa alama nyeusi nyeusi, hata akigongana kidogo tu na mlango. Wifi alipoziona alisimama katikati ya uwanja wangu.

"Nani kamshika mama hivi?"

"Nani ana nafasi ya kumshika? Mimi niko sokoni, wewe uko kwako."

"Wifi, nisikilize. Nikijua unamlisha vidonge vya dukani ili usimpeleke hospitali, nampigia kaka hapa hapa. Magunia yako utayakuta barabarani, na wewe umekaa juu yake."

Alikuwa anabahatisha tu. Lakini alinipata. Alipoondoka, nikalitoa kopo kabatini nikalizamisha ndani ya ndoo ya mchele. Mama mkwe ananiangalia.

"Unaficha?"

"Mwanao atatunyang'anya, mama."

"Basi lifunike vizuri," akasema, akapokea vyake.

Kitu kizuri hakihitaji kuzikwa kwenye mchele. Hilo hata mtoto angeliona. Mimi nilikuwa na hasira na wifi, na nikiwa na hasira huwa siulizi maswali, natafuta ushindi.

Wifi alipoona hospitali siendi, akaleta fundi wa chuku. Kwa asiyejua, fundi wa chuku anachanja chale ndogo kwa wembe, anabandika kikombe juu yake, kikombe kinavuta damu wanayosema ni chafu. Huyu alikuwa mwenyeji wa Kilwa, mtu mpole, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Wazee wa msikitini walimwamini. Alikuja asubuhi ya tarehe za sunna, zile za mwezi mwandamo zinazopendekezwa kwa chuku, akatandika mkeka uani, akapanga vikombe vyake, akavaa glovu, akatoa wembe mpya tukiuona. Nilitafuta kasoro nikakosa, na hilo nalo likaniudhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Kabla sijakugusa, bibi. Una kisukari? Una presha?"

"Sina."

"Kuna dawa unatumia? Ya hospitali, ya kienyeji, hata hizi za dukani za kichwa?"

Mama akanitazama. Wifi alipoona mama ananitazama, naye akanigeukia.

"Hatumii kitu," nikasema.

"Hata ya maumivu?"

"Fundi, umekuja kupiga chuku au kuhesabu watu kama karani wa sensa?"

Fundi akatabasamu kidogo. "Haya. Bismillahi."

Nitajitetea kidogo, kisha nitaacha. Kwetu ukiulizwa habari za dawa, unafikiria kitu kilichoandikwa na daktari. Aspirini haihesabiwi. Ni kama kiberiti, kipo tu ndani. Nusu yangu iliamini hivyo kabisa. Nusu nyingine ilijua kwamba nadanganya, na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na mdomo.

Alichanja kuzunguka magoti na chini ya mgongo, akabandika vikombe. Vikajaa upesi kuliko alivyozoea, nilimwona akikunja uso. Akavitoa, akakandamiza pamba. Pamba ikalowa. Akaweka nyingine. Ikalowa. Akaibana kwa kiganja, damu ikapita kati ya vidole vyake taratibu, haina haraka lakini haisimami.

"Bibi, una hakika hakuna dawa?"

Mama alifungua mdomo amjibu. Kilichotoka ni, "Mkwe, nishike, naona giza." Akalala ubavu kwenye mkeka, midomo imekuwa myeupe.

Ningeweza kusema hapo. Ni neno moja tu, wala si refu. Badala yake nilikimbilia kibarazani, nikapiga yowe mtaa mzima usikie.

"Njooni! Mchinjaji huyu, amemchinja mama yetu!"

Na niseme yote, maana nimeshaanza. Kuna sehemu yangu ilifurahi. Fundi aliletwa na wifi. Kwa hiyo damu ile ilikuwa ya wifi.

Watu wakajaa. Vijana wakamkwida shati. Mmoja akavikanyaga vikombe vyake, mwingine akamtia kibao. Fundi bado ana pamba mkononi, anawaambia, "Mkandamizeni bibi kwanza, mimi mtanipiga baadaye." Hakuna aliyemsikiliza isipokuwa wifi, aliyepiga magoti akakandamiza kwa khanga yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kibarazani naendelea kuwahutubia watu.

Fundi wakamburura hadi ofisi ya mtaa. Sisi tukampakia mama kwenye bajaji.

Hospitali tulipokelewa na daktari, mwanamke mdogo kwangu. Wifi akamweleza habari za chuku. Daktari akauliza lile lile.

"Bibi anatumia dawa gani?"

"Hatumii," akasema wifi. "Tuliuliza nyumbani." Akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye anayekaa naye."

"Magoti haya anayatulizaje?"

"Anavumilia," nikasema.

Anavumilia. Mbele ya daktari, mgonjwa amelala katikati yetu, bado nalinda ushindi wangu dhidi ya mwanamke aliyevaa khanga yenye damu ya mama yake.

Mama alikuwa anaguna, magoti, magoti. Daktari akaandika sindano, akaenda kuangalia habari za damu. Nesi akaja na bomba lake.

"Hiyo ya nini?" nikauliza. Mfanyabiashara lazima aulize.

"Ya maumivu tu, mama. Apumzike."

Ya maumivu tu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kila asubuhi. Mama akafumbua macho. Sauti yake haikuzidi ya mtu anayenong'ona msikitini.

"Mwambie, mkwe."

Nesi alikuwa ameshashika pamba ya spiriti. Nikamtazama wifi, kisha bomba.

"Usimchome," nikasema. "Anakunywa aspirini."

Nesi akasimama. Daktari akaitwa.

"Ngapi kwa siku?"

"Sijui."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa msimu."

"Msimu wa nini?"

"Machungwa."

Akaliandika hilo. Kisha akamuuliza mama kama choo chake ni cheusi. Mama akaitikia kwa kichwa: cheusi kama lami, tangu siku nyingi, aliona aibu kusema. Kabla hajamaliza akatapika kwenye beseni, kitu cheusi chenye chenga kama masimbi ya kahawa.

"Rudisha hiyo sindano," daktari akamwambia nesi. "Ni ya ukoo ule ule. Ingemalizia kazi." Akanigeukia. "Chale za magotini zinavuja tu, zitasimama. Damu aliyopoteza ameipotezea tumboni, na si leo. Aspirini imemchimba vidonda, halafu ikazuia damu isigande. Aliyempiga chuku hakujua. Angejua asingechanja."

Nilijiandaa kwa kelele za wifi. Majibu nilikuwa nayo, nimeyapanga. Hakupiga kelele.

"Na yule fundi?"

"Nilikuwa na hofu, wifi."

"Sikuulizi ulikuwa na nini. Fundi yuko wapi sasa hivi?"



Mama aliongezewa damu. Ndugu waliitwa kuchangia. Nilipokunja mkono wa gauni langu, wifi akasema, "Yako ikae huko huko." Nikaukunjua.

Mama alipona, kwa rehema za Mungu na si kwa msaada wangu. Akahamia kwa wifi, ambako ghafla chumba kilipatikana. Mume wangu alipiga simu mara moja tu kuhusu jambo hili.

"Ulikuwa unamficha dada yangu, au ulikuwa unanificha mimi?"

Hajaniacha. Lakini akija, akiumwa kichwa, anavaa viatu anakwenda kununua dawa mwenyewe, anainywa huko huko njiani.

Nikienda kumsalimu mama nampelekea machungwa, ya kuchagua. Shikamoo naitoa, marahaba inakuja. Chungwa analipokea, analigeuza, anampa wifi akalimenye. Zamani akinijibu alikuwa anaangalia sufuria. Siku hizi anaangalia mikono yangu.

Fundi ofisi ya mtaa walimwachia, lakini jina lake halikuachiwa. Wifi alizunguka mitaani kueleza ukweli, watu wakamwambia anamtetea kwa kuwa ndiye aliyemleta. Mimi nilinyamaza. Watu wakaacha kumwita. Akahama.

Nilikutana naye Tingi, upande wa Kilwa, nilipofuata mzigo. Alikuwa ameketi nje ya chumba alichopanga, anashona kanzu. Nikamsogelea.

"Fundi, nimekuja kuomba radhi."

"Mimi nimeshasamehe."

"Basi yameisha?"

"Yangu na Mungu yameisha. Jina langu bado liko Mitwero, kwenye kibaraza chako. Ulisimama pale mchana, uso wazi, ukaita watu. Kasimame pale pale, uite watu wale wale, useme vidonge vilikuwa vyako."

"Watanifukuza mtaani."

"Mimi walinifukuza."

Nikamwambia nitamnunulia vikombe vipya, vizuri zaidi ya vile. Nikamwambia nitamwachia na gunia la machungwa. Akaacha kushona.

"Dada, bei nimeshakutajia. Haipungui."

Akarudi kwenye kanzu yake. Gunia nililirudisha kwenye gari.

Sasa nyinyi mnaosoma, msinionee kinyaa kana kwamba makabati yenu hayana kitu. Nendeni mkaangalie. Aspirini ni dawa, hata ukiinunua pamoja na sabuni. Usimeze tumbo likiwa tupu. Usiifanye ya kila siku kwa kujiandikia mwenyewe, kamuulize mwenye taaluma. Usichanganye na vidonge vingine vya maumivu bila kusoma ndani mna nini. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse, na mtoto mwenye homa asipewe. Kama unakwenda kung'olewa jino, kupasuliwa, kutahiriwa, au kupigwa chuku, sema unatumia. Masikio yakilia, choo kikiwa cheusi, usitafute maziwa, tafuta hospitali. Wapo walioandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo. Hao wasiache wala wasiongeze kwa sababu ya habari zangu, wana daktari wao. Na ile karatasi ya ndani isome. Meza yako itafutie kijiti.

Mtu akikuuliza, "Kuna dawa unatumia?", usiangalie nani mwingine yuko chumbani. Jibu.

Fundi, kama haya yatakufikia, utaona nilichofanya. Umenitajia bei, nami nimekuletea maneno yote, lakini bila uso na bila jina. Hata toba yangu nimeiombea punguzo. Najua utakataa kuipokea. Kibaraza bado kipo, napita juu yake kila asubuhi nikienda sokoni, na kila asubuhi napita haraka.